Chungu, Debe na Pipa: Vyombo vya Kupikia Pombe Nyumbani Katika Historia ya Afrika ya Mashariki

Wanahistoria wa Afrika ya Mashariki wamekwisha kuandika mengi juu ya pombe: juu ya wazee walioinywa barazani, juu ya wamisheni walioilaani, juu ya serikali zilizoitoza kodi. Juu ya chombo kilichopikiwa pombe hiyo wameandika machache. Labda sababu ni kwamba chombo ni kitu cha jikoni, na jikoni ni mahali pa wanawake, na mambo ya wanawake yalichelewa kuingia katika vitabu vya historia. Sisi tushughulikao na lugha hatuna udhuru huo, kwani majina ya vyombo yamo vinywani mwa watu, nasi kazi yetu ni kusikiliza.

Mpishi yeyote wa pombe anayetaka kupika zaidi ya alivyopika jana hukabiliwa na swali moja. Je, aunde chombo kikubwa zaidi, au akinunue? Swali hili laonekana dogo, nalo ni la kila siku. Nia ya makala haya ni kuonyesha kwamba katika nchi zetu, kwa muda wa miaka mia moja na zaidi, mpishi hakuachiwa ajibu swali hilo kwa hiari yake. Mara lilijibiwa na mfuko wake, mara na duka la Mhindi, na mara moja, kama tutakavyoona, lilijibiwa na mabwana waliokutana mjini Saint-Germain-en-Laye, Ufaransa, ambao hawakupata kuiona busaa kwa macho.

Yafaa kuanza na vitenzi. Mswahili husema kupika pombe, kana kwamba ni chakula. Na kwa kweli i karibu na chakula, kwani ni nafaka, maji na moto. Tembo la mnazi halipikwi, hugemwa. Na kile kikali kitokanacho na mvuke hukenekwa. Vitenzi hivi vitatu vyatenga aina tatu za vyombo. Mgema hahitaji jiko wala chungu: kotama yake ya kukatia kole, vibuyu vyake, kamba na miguu ya kupandia, basi. Ndiyo maana hatasumbua sana makala haya. Akisifiwa hulitia tembo maji, lakini hata hayo maji hayamdai chombo kipya. Mpishi na mkenekaji ndio wenye shida ya vyombo.

Kabla ya bati kuenea, pombe ya nafaka ilikuwa kazi ya chungu. Lugha zetu za bara zalionyesha jambo hili vizuri kuliko Kiswahili cha pwani. Katika Dholuo, chungu kwa ujumla ni agulu. Lakini chungu cha maji ni dapi, na chungu cha pombe ni dakong'o. Pi ni maji, kong'o ni pombe. Msomaji ataona kuwa lugha haikuridhika na neno moja, kwa sababu vyungu vyenyewe havikuwa kimoja: cha maji kilitakiwa kitoe jasho na kupoza, cha pombe kilitakiwa kiwe kipana cha kutosha wazee kukizunguka kwa mirija yao, ile ambayo Wajaluo huiita oseke. Gikuyu nao wana nyũngũ, ambalo ni neno la shina moja na chungu na nyungu ya Kiswahili.

Je, chungu kiliundwa au kilinunuliwa? Hapa twapaswa kujihadhari na picha ile ya jadi iliyopendwa sana na waandishi wa zamani, ya kijiji ambamo kila mtu alijifanyia kila kitu. Si kila mpishi alikuwa mfinyanzi. Ufinyanzi ulikuwa kazi ya wachache, tena wa mahali penye udongo wa kufaa. Mfinyanzi alichimba udongo, akauchanganya na mchanga au vigae vilivyopondwa ili usipasuke motoni, akapandisha kuta za chungu kwa mikunjo ya udongo pasipo gurudumu, akakianika kwa siku kadhaa, kisha akakichoma uwanjani kwa nyasi na kuni. Mpishi alikuja na nafaka, akaondoka na chungu. Katika sehemu kadhaa za bara letu bei yenyewe ilikuwa ni nafaka ijazayo chungu hicho. Kwa hiyo ununuzi ulikuwako tangu zamani. Kilichotofautiana na ununuzi wa baadaye ni kwamba mnunuzi alimjua mfinyanzi, aliweza kumwambia, "Safari hii nipanulie mdomo," na kikipasuka alijua pa kwenda kulalamika.

Chungu kilikuwa na sifa ambazo bati halikuzipata kamwe. Udongo uliochomwa una vitundu vidogo. Humo hubaki mabaki ya pombe ya jana, na ndani yake hamira hai, hata pombe ya leo ikaanza kuchachuka mapema. Mpishi hodari hakukisugua chungu chake kikang'aa. Jambo hilo hilo, kwa namna nyingine, walilijua Wagikuyu na Wakamba katika pombe za asali na miwa. Tunda la mwegea, ambalo Gikuyu huliita muratina, na ambalo limeipa pombe yenyewe jina, hupasuliwa, huchemshwa na kuanikwa. Kisha hutiwa katika maji kidogo ya asali hadi yachachuke, hutolewa, na kuanikwa tena. Tangu hapo nyuzi zake hubeba hamira, na tunda hutumika mara nyingi. Sijui kifaa kingine cha jikoni ambacho kwa hakika huundwa na kazi yake yenyewe. Tunda jipya, hata liwe zuri namna gani, si chombo bado.

Sasa tuyatazame majina ya vyombo yaliyoingia baadaye. Sufuria latokana na neno la Kiarabu lenye maana ya shaba. Pipa ni la Wareno. Karai na debe ni ya Kihindi. Ukiyapanga hivyo, jiko la mpishi wa pombe huwa kama daftari la forodha ya Mombasa: kila mgeni aliyeshusha bidhaa aliacha na jina lake. Walakini mtafiti asidanganywe na nasaba ya neno. Pipa la Mreno lilikuwa la mbao, lililofungwa kwa pete za chuma, nalo lilibeba mvinyo. Pipa la mpishi wa leo ni la chuma tupu, la galoni 44, lita 200 hivi. Chombo kilichobuniwa Marekani mwanzoni mwa karne ya ishirini na kuenezwa duniani na majeshi ya Vita Kuu ya Pili pamoja na mafuta yao. Neno lilikaa mahali pake, chombo kikabadilika chini yake. Na sufuria ya siku hizi ni ya alumini, haina shaba hata chembe.

Katika vyombo hivi vyote, kilichogeuza historia ni debe. Mafuta ya taa yaliletwa Afrika ya Mashariki katika mikebe ya mraba ya galoni 4, miwili miwili katika sanduku la mbao. Mafuta yakiisha, mkebe ulibaki. Je, huyu mwanamke aliyekuwa na debe tupu jikoni aliliunda au alilinunua? Alinunua mafuta. Debe lilimjia kama mkia wa ng'ombe ufuatavyo ng'ombe. Na hapa ndipo mgawanyo wetu wa kuunda na kununua uanzapo kuvunjika. Hata alipolinunua tupu kwa mchuuzi, bado halikuwa chombo cha pombe hadi fundi bati alipokata upande wa juu, akakunja kingo zisikate mikono, akapachika kijiti cha kushikia. Wale mafundi ambao baadaye Kenya iliwaita watu wa jua kali walikwisha kuwa kazini muda mrefu kabla ya Shirika la Kazi Duniani kuja mwaka 1972 kuandika juu yao.

Faida za debe ni dhahiri. Ni jepesi, huchukulika kichwani, hushika moto upesi, na likianguka halivunjiki. Hasara zake hazisemwi mara nyingi. Bati lake ni jembamba, hivyo uji huungua chini. Lina pembe nne ambazo mwiko haufiki. Viungo vyake vimelehemiwa kwa madini ambayo ndani yake mna risasi. Na pombe yenye uchachu hulila bati siku kwa siku. Mpishi wa busaa aliyajua haya, ndiyo maana mara nyingi aliligawa jiko lake. Busaa, kama ijulikanavyo, huanza kwa unga wa mahindi uliokandwa na kuachwa uchachuke. Kisha unga huo hukaangwa hadi ubadilike rangi, huanikwa, na kuloweshwa pamoja na kimea cha wimbi, hata mwisho ichujwe na machicha yatupiwe kuku. Kazi ya kukaanga, ambayo zamani ilikuwa ya kaango la udongo, ilikwenda kwenye karai au bati lililonyooshwa juu ya moto. Kazi ya kubeba na kupima ilikwenda kwenye debe. Kazi ya kuchachua, katika nyumba nyingi, ilikaa katika chungu muda mrefu baada ya nyingine kuhama.

Nimesema kupima, na hilo ndilo jambo kubwa. Hakuna vyungu viwili vilivyo sawa. Madebe yote ni sawa. Chungu cha pombe kilikuwa cha watu: cha wajomba waliokuja kuposa, cha wajirani waliopalilia shamba. Debe lina kiasi, na chenye kiasi kina bei. Lilipokuwa kipimo cha mahindi sokoni likawa pia kipimo cha pombe, na pombe ya nyumbani ikawa bidhaa. Hata mshtaki mahakamani sasa aliweza kusema mshtakiwa alikutwa na madebe mangapi.

Mimi mwenyewe nililelewa katika nyumba iliyolishwa na madebe mawili na chungu kimoja. Nyanya yangu alikuwa na kibali cha kupikia sherehe, lakini karo ya shule haikungoja sherehe. Chungu chake kilikuwa kikubwa, hakihamishiki. Kwa hiyo alikizika hadi shingoni nyuma ya jiko, akakifunika kwa ungo na majani. Madebe, kwa kuwa huhamishika, yalikimbizwa migombani kila tulipoambiwa askari wamevuka mto. Siku moja askari mmoja alilikuta debe, akalitoboa kwa ncha ya kisu mara tatu, akaenda zake bila kumshika mtu. Nyanya aliyaziba matundu kwa sabuni, debe likawa la maji tangu siku hiyo. Hakulia kwa ajili ya pombe. Alilia kwa sababu debe lilikuwa la kuazima. Miaka mingi baadaye nilipousoma uchunguzi wa Ellen Hellmann juu ya Rooiyard, mtaa wa vibanda wa Johannesburg alioutembelea katika miaka ya 1930, nikaona wanawake wa huko wakichimba mashimo uani na kuzika mikebe yao ya pombe, nilijua ninachokisoma kabla sijafika mwisho wa ukurasa.

Tuje sasa kwa mkenekaji, ambaye kisa chake ni cha ajabu zaidi. Tarehe 10 Septemba 1919, mjini Saint-Germain-en-Laye, madola yaliyoshinda vita yalitia sahihi mkataba juu ya pombe kali barani Afrika. Kaskazini mwa bara na Muungano wa Afrika ya Kusini viliachwa nje. Kwingineko kote mkataba haukukataza tu kukeneka pombe. Ulikataza pia kuingiza, kusambaza, kuuza na kumiliki mitambo ya kukenekea na sehemu zake, isipokuwa ile ya kazi za sayansi na dawa. Maana yake ni nini? Maana yake ni kwamba Mwafrika aliyetaka kukeneka hakuwa na duka la kwenda. Swali la kuunda au kununua lilikwisha kujibiwa kwa niaba yake: akitaka, aunde. Nadhani madola yale yaliamini kwamba asiyeweza kununua mtambo hatakuwa na mtambo. Hawakufahamu kuwa mtambo wote waweza kufanywa kwa chungu, bakuli na sufuria.

Walioonyesha hivyo, kwa upande wa Nairobi, ni Wanubi, askari wa King's African Rifles na jamaa zao waliopewa makao Kibera mwanzoni mwa karne ya ishirini. Pombe yao kali ilipata sifa mjini kote, Wazungu wakaiita jini ya Wanubi. Umbo la mtambo uliozoeleka Kenya ni hili. Pombe iliyochachuka hutiwa katika chungu au pipa juu ya moto. Ndani, juu ya pombe, huwekwa bakuli tupu. Mdomo hufunikwa kwa sufuria iliyojaa maji baridi, na mwanya ulio kati ya sufuria na chungu hukandikwa kwa udongo au unga mvuke usitoroke. Mvuke hupanda, hugusa tako la sufuria baridi, hugeuka matone, na matone hudondoka katika bakuli. Hakuna bomba wala kizibo. Askari akija, katika dakika moja mtambo haupo tena: pana chungu, pana bakuli, pana sufuria ya maji, vitu ambavyo havikosekani katika jiko lolote. Nathubutu kusema kwamba umbo hili lilipendwa kwa sababu ya sheria kama lilivyopendwa kwa sababu ya urahisi. Chombo kisicho na jina lake chenyewe hakiwezi kukamatwa kwa urahisi.

Uganda njia ilikuwa nyingine: pipa, na bomba la shaba lililopitishwa ndani ya maji. Mtambo wa namna hiyo hutoa pombe nyingi zaidi, lakini bomba halifinyangwi. Lazima linunuliwe au liibwe. Katikati ya miaka ya 1960 serikali ya Uganda ilijaribu suluhisho ambalo nastaajabu kuwa halikuigwa: wakenekaji wa enguli walitakiwa kuwa na leseni na kuiuza kwa kiwanda, nacho kikaisafisha na kuiuza katika chupa kwa jina la Uganda Waragi. Neno waragi limezushiwa hadithi kwamba ni jini ya vita ya Waingereza. Kwangu mimi asili yake ni wazi, nayo ni araki ya Kiarabu, iliyopita kwa Wanubi; na araki yatokana na neno lenye maana ya jasho. Aliyepata kuliona tako la sufuria likitoa matone hatahitaji maelezo zaidi.

Upande wa wanunuzi wa mitambo historia ni fupi na yajulikana. Kenya Breweries iliundwa mwaka 1922 huko Ruaraka na ndugu wawili, George na Charles Hurst, na mzigo wake wa kwanza, kreti 10, ulipelekwa Hoteli ya Stanley mwezi Desemba mwaka huo. Mwafrika hakuruhusiwa bia hiyo hadi baada ya Vita Kuu ya Pili. Kwa ajili yake baraza la mji wa Nairobi, likiiga utaratibu ulioanzia Durban mwaka 1908, lilifungua kilabu cha pombe Pumwani katika miaka ya 1920, likapika lenyewe na kukataza wengine kupika. Faida ilikusudiwa kuhudumia mitaa ya Waafrika, yaani mwanamke wa Pumwani alikatazwa debe lake ili mji upate pesa za kumhudumia. Huko Durban kwenyewe hasira ya wanawake wa Cato Manor ililipuka mwezi Juni 1959, wakavivamia vilabu vya pombe vya manispaa.

Sitaki msomaji adhani kwamba natetea kila chombo cha nyumbani. Pipa la chuma lina kisa chake. Kusini mwa Afrika madaktari waliona kwa miaka mingi wagonjwa ambao maini yao yalijaa chuma, na chanzo kimoja kikawa ni pombe yenye uchachu iliyopikwa katika vyombo vya chuma. Baadaye ilidhihirika kwamba urithi wa damu nao una sehemu yake. Chungu hakikupata kumfanyia mtu hivyo. Tena pipa haliji tupu kama debe la mafuta ya taa, ambalo harufu yake humwonya mtu. Huja limebeba dawa za viwandani zisizo na harufu ya kutisha. Lakini maafa makubwa kabisa hayakutoka katika chombo. Watu zaidi ya 100 waliokufa Nairobi mwezi Novemba 2000, na wengine waliopofuka, walikunywa pombe iliyotiwa methanoli, spiriti ya viwandani. Hiyo haikupikwa na mtu jikoni. Ilinunuliwa.

Sheria imezunguka sana. Chang'aa ilipigwa marufuku kwa sheria yake yenyewe mwaka 1980. Mwaka 2004 bia ya Senator ikaanza kuuzwa katika kegi za chuma kwa bei nafuu, baada ya serikali kupunguza ushuru, ili wanywaji waache pombe za vichochoroni. Mwaka 2010 sheria mpya ya vileo iliiondoa marufuku ya chang'aa, na watu wakasema mama pima amekombolewa. Hawakusoma hadi chini. Sheria hiyo yataka kinywaji kiwekwe katika chupa ya kioo isiyopungua mililita 250. Mama pima, ambaye jina lake lote ni kipimo, ana kikombe. Hana kiwanda cha kujazia chupa, wala hawezi kujifinyangia kioo. Mwaka 1919 alikatazwa kununua, akaunda. Mwaka 2010 aliruhusiwa, kwa sharti la kununua asichoweza.

Yabaki suala la kamusi. Kijana wa Nairobi ukimwambia mtungi, huona jerikeni la plastiki la lita 20, la njano, lililokuwa na mafuta ya kupikia. Si kosa lake. Pipa nalo lilihama hivyo hivyo. Lakini mtungi ukihama bila kamusi kuandika ulikotoka, mtafiti wa kesho atasoma kuhusu mitungi ya karne ya kumi na tisa na kuiona ya njano. Dakong'o sasa huonekana zaidi makumbusho kuliko nyumbani. Mofimu zake bado zaonekana, na wazee wajuao tofauti ya mdomo wa dakong'o na wa dapi bado wapo, ingawa si wengi. Upande wa mtambo wa kukenekea, nimezitafuta sehemu zake katika kamusi zetu kubwa nikakuta kitenzi keneka kimekaa peke yake, bila bakuli wala sufuria yake.

Mwaka jana nilikaa mchana mmoja na mama mmoja akifanya kazi hiyo. Nilimwuliza bakuli la ndani huliitaje. Alinitazama kama atazamwavyo mtu aliyeuliza jina la kidole. "Bakuli," alisema, akagusa maji ya sufuria ya juu kwa nyuma ya mkono, akaona yamepata moto, akayamwaga na kutia mengine.